Mbiu ya Rumonge na Ahadi ya Bwana Ndevu

Mtu akikwambia kazi ya mpiga mbiu ilikuwa kupiga kelele, mlete kwangu nimpe pembe aitie mdomoni, tuone kama atatoa hata sauti ya mbuzi. Kazi hiyo niliifanya katika mji wa Rumonge tangu Wadachi, Wajerumani wale, wakiwa na boma hadi meno ya mbele yaliponitoka, na mpiga mbiu asiye na meno ya mbele hana kazi. Sasa nimekaa kitako. Nawaona ninyi vijana mmeanza kuingia kwenye baraza la mji, mna meza na mihuri, wakubwa wanawatuma mwende mkawaambie watu hili na lile. Maneno haya ni yenu. Mengine yatawachekesha, lakini mengi si ya kucheka, na sina nia ya kuyapaka asali.

Kwanza mjue tulivyokuwa. Mji ulikuwa na Jumbe na wazee wake. Juu ya Jumbe kulikuwa na boma, kule kaskazini mwa ziwa, ukipita Muhuta na Kabezi kwa mtumbwi. Boma lilikuwa na askari, bunduki na kiboko. Jumbe alikuwa na jamvi la kukalia, birika la kahawa, na mimi. Amri ikitoka boma inafika kwa Jumbe, Jumbe anawaita wazee, wanakaa, wanabishana, halafu ninaitwa. Kabla pembe haijalia, amri haijaingia mjini. Hata kama kila mtu amekwisha kuisikia sokoni, ukimuuliza atakwambia hajui kitu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi, Mmanyema aliyekuja na misafara akiwa kijana, akaoa hapa, akabaki. Alikuwa mkali kama pilipili. Alinifundisha kuilowesha pembe kabla ya kuipiga, maana pembe kavu inakwaruza. Alinifundisha kusimama upepo wa ziwa ukiwa mgongoni, ili sauti ibebwe kwenda kwenye nyumba. Mlio wa kwanza uwe mrefu, mpaka wanawake waache kutwanga. "Kinu kikisikika, weye bado hujasema kitu," alikuwa akiniambia. "Piga tena." Na nisile samaki wa mawese kabla ya kazi, kwa sababu mdomo wenye mafuta huteleza juu ya pembe, ikatoka sauti ya aibu, na mji mzima ukacheka mpaka jioni.

Lakini kuna jambo hakunifundisha, nikajifunza kwa kuharibu. Mara yangu ya kwanza kupiga mbiu ya kodi, nilitoka asubuhi na mapema. Mitumbwi ilikuwa inarudi na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanawake wamejaa ufukweni na vikapu vyao. Nikasema moyoni, leo watu wote wako mahali pamoja, kazi rahisi. Nikapiga. "Mbiu ya mgambo! Ikilia ina jambo! Boma limesema, kodi ya kichwa..." Hata sijamaliza, nikaona mtumbwi wa mbele unageuza pua. Ukafuata wa pili. Baada ya muda mfupi mitumbwi yote imetupa kisogo, inapiga kasia kwenda ng'ambo ya Kongo, pamoja na ndagala wetu. Wanawake wamesimama mchangani na vikapu vitupu wananitazama mimi.

Mzee Feruzi akaja, akatazama maji, akanitazama. "Umepiga vizuri," akasema. "Hata samaki wamesikia."

Mji ulikula ugali na sombe, majani ya muhogo, hadi ukachoka, na watoto wakawa wananiita Bwana Sombe kila nikipita. Tangu hapo nilijua kwamba amri ya boma hupigwa mitumbwi ikiwa imekwisha kuvutwa nchi kavu. Ninyi leo mnabandika tangazo ukutani mnakwenda zenu. Hamwoni mitumbwi ikigeuka, ndiyo sababu mnashangaa watu wamekwenda wapi.

Sasa sikilizeni hili, ndilo lenye uzito. Kulikuwa na namna mbili za kupiga mbiu. Jambo likiwa la boma tu, nilisema, "Boma limesema, wazee wamesikia." Maana yake wazee wamelipokea kama unavyopokea mvua, usiwalaumu. Jambo likiwa la mji wenyewe, nilisema, "Wazee wamesema." Hapo Jumbe amejifunga. Nyumba yake na watu wake wanasimama nyuma ya neno hilo, na likivunjika, yeye mwenyewe ndiye atakayelifuata huko lilikokwenda. Kama wazee wamesema mbuzi wa mtu atarudi na hakurudi, mbuzi wa Jumbe anatoka bandani. Mtu yeyote wa Rumonge alisikiliza kwanza neno hilo, wamesema au wamesikia, kabla ya kusikiliza mengine.

Na neno la wazee halikufa na mtu. Jumbe akifa, atakayemrithi hakai kwenye jamvi mpaka mpiga mbiu asimame mbele yake mchana kweupe, watu wakiwapo, amtajie ahadi zote za aliyetangulia, moja moja. Yeye anajibu kila moja, "Nimepokea." Jumbe Athumani, ambaye habari zake ndizo hizi, nilimtajia mimi. Ahadi za mjomba wake aliyemtangulia zilikuwa ndogo ndogo: njia ya kwenda majini isizibwe na michikichi ya mtu, wajane wapate ndagala wa mtumbwi wa kwanza, mambo ya namna hiyo. Akazipokea zote, ubani ukafukizwa, tukala wali. Nilimpenda mtu yule. Hakuwa na maneno mengi, na akikukosoa alikukosoa mkiwa wawili.

Halafu ukaja ugonjwa wa malale.

Ulianza polepole. Mvuvi analala kasia likiwa mkononi. Mwanamke anasinzia tonge likiwa kinywani. Mtu mpole anageuka mgomvi, kisha anakonda, kisha anakuwa wa kulishwa. Ukimpapasa shingo nyuma, unakuta tezi zimevimba. Wengine walisema ni uchawi, wengine hewa ya ziwa. Wadachi walisema ni nzi wanaokaa kwenye vichaka vya ufukweni, na kama mnavyojua, walisema kweli katika hilo. Tukasikia kwamba sehemu nyingine za pwani ya ziwa vijiji vimechomwa moto na watu wamehamishwa kwa nguvu ili wawe mbali na nzi. Mji wetu ukaingiwa na hofu. Sisi ni watu wa maji. Kutupandisha milimani ni kututoa roho.

Ndipo akaja bwana mkubwa wa boma, tuliyemwita Bwana Ndevu, pamoja na mkalimani wake, Idi, mtu wa pwani ya bahari. Bwana Ndevu hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye jamvi kama sisi, akanywa kahawa yetu bila kukunja uso. Akasema wenye tezi wote wapelekwe kambini kaskazini, wakachomwe sindano. Mji ukate vichaka vyote vya ufukweni. Tukifanya hayo mawili, wagonjwa watarudishwa wakishapona, na mji hautahamishwa.

Jumbe akamuuliza kwa kinywa cha Idi, "Hii neno iko yako weye, ama iko ya boma?"

Bwana Ndevu akaweka mkono kifuani. "Boma ni mimi," akasema.

Tukafurahi sana. Kwetu mtu akisema mji ni mimi, amejifunga yeye pamoja na atakayekuja baada yake. Hatukuwa na sababu ya kudhani kwamba kwao ni vingine. Idi hakujua desturi yetu, akamaliza kahawa yake, wakapanda mashua.

Walipoondoka, wazee walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mzee Feruzi alikuwa na msimamo mmoja. "Tupige kwamba tumesikia," akasema. "Hii iko maneno ya Wadachi. Tusiyavae."

Jumbe akatikisa kichwa. "Tukisema tumesikia, watu watakimbiza wagonjwa yao mu matete na mu milima. Boma itakuja itachoma. Mutu hatatoa mutoto wake kwa neno ya boma, mzee. Atamutoa kwa neno yetu."

"Na wasiporudi?"

"Bwana ametoa neno mbele ya watu. Watarudi."

Nikaitwa, nikalowesha pembe, nikatoka. Wazee wamesema: wenye tezi waende kambini, na waliokwenda watarudi. Nilipiga karibu na msikiti, watu wakasikiliza kimya. Nilipiga sokoni, kimya. Nilipofika upande wa wabanika samaki, Mama Kashindi akauweka mchi wake chini. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Kashindi, mpiga kasia hodari, na kila mtu alijua shingo ya Kashindi imevimba.

"Jumbe yeye anatoa nani?" akaniuliza.

Mpiga mbiu hajibu maswali, anayabeba. Nikalibeba swali lake mpaka barazani, nikalisema mbele ya wazee kama nilivyoambiwa.

Jumbe alikuwa na binti, Mwajuma, aliyekuwa akisubiri kuolewa. Tezi zake zilikuwa ndogo, ushungi ulizificha vizuri, na nadhani wazee walikuwa wamekubaliana kutoziona. Swali lilipotoka mdomoni mwangu, hakuna aliyeinua macho. Kisha tukasikia sauti kutoka mlangoni, ambako wanawake husimama kusikiliza. Mwajuma alikuwa amekwisha kuuvua ushungi.

"Acha nitangulie, baba," akasema. "Nikibaki, weye umesema uongo."

Jumbe alimtazama muda mrefu. Akasema, "Tangulia."

Baada ya hapo watu walitoka wenyewe. Hakuna askari aliyeshika mtu, hakuna aliyefungwa kamba. Mitumbwi ilipojaa, Mama Kashindi alimfungia mwanawe samaki wakavu wa mikeke kwenye jani la mgomba, akaja kusimama mbele yangu. "Weye njo ulisema," akaniambia. "Nitakuuliza weye." Nikamjibu kwamba watarudi, mama. Mitumbwi ikaondoka ikiambaa pwani kuelekea kaskazini, Mwajuma akiwa mbele katika ule wa kwanza, amejifunika mpaka puani kwa sababu ya upepo.

Kisha tukakata vichaka. Kazi ile sijaona mfano wake. Wanaume kwa wanawake, watu wa msikitini na wasiosali, wote na mapanga na majembe, tukivuta tumbaku kila tukipumzika mpaka ikaisha mjini. Jumbe mwenyewe alishika panga mpaka viganja vikachubuka. Ufukwe ukabaki mweupe kama kichwa kilichonyolewa. Jioni tulikuwa tunakaa mchangani tumechoka, tunacheka, tunataniana nani kakata mti wa nani. Nakumbuka nilikuwa na furaha siku zile, na mpaka leo furaha ile inaniuma kuliko mambo mengine yote.

Mitumbwi ya chakula ilikwenda na kurudi. Wapiga kasia walisema kambi ina uzio na walinzi, chakula unakiacha mlangoni. Walisema sindano inachomwa kweli, kuna wanaoamka wakapata nguvu, na kuna ambao macho yanaingia giza. Lakini hakuna aliyerudi. Siku moja wapiga kasia walivuta mtumbwi nchi kavu bila kusema na mtu, wakaenda moja kwa moja kwa Jumbe. Mwajuma alikuwa amefariki na kuzikwa huko huko.

Jumbe alikaa matanga kama baba yeyote. Matanga yalipoanuliwa nilikwenda kumpa mkono, nikidhani atasema ameghairi, atataka wengine warudishwe mara moja. Akasema tu, "Wengine bado iko. Neno bado iko."

Nawaombeni mlielewe hilo, ninyi wa meza na mihuri. Siku hizi nasikia mtu akipatwa na hasara anasema, basi, nami nimetoka katika jambo hilo. Yeye alikuwa amelipa kuliko sisi sote na hakutoka.

Halafu mashua ya boma ikaonekana tena, nasi tukavaa nguo za sikukuu. Tulikuwa tumepata habari kwamba Bwana Ndevu amekwenda kwao Ulaya na mwingine amekuja mahali pake. Wazee wakashauriana, na shauri lilikuwa rahisi: bwana mpya ni kama jumbe mpya. Atajiwe ahadi za aliyetangulia, naye apokee, kisha mambo yaendelee. Hakuna aliyeliona hilo kuwa la ajabu, hata Mzee Feruzi.

Bwana mpya alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, basi tukamwita Bwana Miwani. Alipokanyaga mchanga, nikasimama mbele yake, nikapiga pembe mlio mrefu, nikamtajia kwa sauti yangu yote: Bwana Ndevu alisema waliokwenda kambini watarudi, Bwana Ndevu alisema tukikata vichaka mji hautahamishwa. Nikanyamaza, nikasubiri.

Bwana Miwani alikuwa ameshika kofia mkononi, akisikiliza kwa adabu. Alipoona nimenyamaza, akapiga makofi. Kisha akatoa rupia mfukoni, akanitia mkononi, akatabasamu. Alidhani nimemwimbia wimbo wa kumkaribisha.

Watu wa nyuma, wasioona vizuri, wakadhani amepokea. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilitaka ardhi inimeze.

"Muambie ajibu," Jumbe akamwambia Idi.

Idi alieleza kwa kirefu. Nilimwona Bwana Miwani akitazama pembe, akitazama rupia mkononi mwangu, na lile tabasamu likaondoka. Aliposema, alisema kwa kifupi. Idi akatazama mchanga.

"Anasema Bwana Ndevu amekwenda, na maneno yake amekwenda nayo. Yeye hakuachiwa neno lolote, ameachiwa amri. Pwani yote ihamwe kabla ya mvua. Na wa kambini hawatoki."

"Tumekata vichaka," Jumbe akasema. "Aone mwenyewe."

Idi akatafsiri, akasikiliza, akarudi kwetu.

"Anasema mmefanya vizuri."

Hapo ndipo nilipoona uso wa Jumbe ukizeeka mbele ya macho yangu. Hakupiga kelele, hakuomba. Aliniambia, "Piga. Hii sema wazee wamesikia." Akatembea nami, jambo ambalo hakuna jumbe aliyewahi kulifanya, akasimama kando yangu mahali pote watu wamwone. Nikapiga msikitini. Boma limesema mji uhame, wazee wamesikia. Nikapiga sokoni. Nilipofika kwa wabanika samaki nikapiga mlio mrefu, na vinu havikunyamaza. Nikapiga tena. Wanawake waliendelea kutwanga, wametupa migongo. Nikasema maneno yangu juu ya sauti ya michi, nikaondoka.

Askari walikuja na viberiti. Sitaeleza moto; aliyeona nyumba yake ikiungua anajua, na asiyeona Mungu amwepushe. Nitaeleza la Jumbe. Kabla ya watu kuanza kupanda, aliwaita wazee, akamkalisha binamu yake kwenye jamvi. Akasema, "Niliweka neno, neno imeenda mu kambi. Nami naenda." Wazee wakamshika kanzu, wakalia, Mzee Feruzi akamwambia matusi ya mapenzi, wewe mpumbavu, wewe mwana wa mpumbavu, nani amekutuma. Akawaaga mmoja mmoja, akaingia mtumbwini. Wapiga kasia walitusimulia kwamba walinzi walishindwa wafanye nini. Walikuwa wamezoea kuzuia watu wasitoke, na huyu mzima wa afya anagonga aingie.

Mzee Feruzi hakufika milimani. Katikati ya njia alikaa kando, akasema miguu yake imezoea mchanga, tupumzike kidogo. Tulimzika hapo.

Maisha ya mlimani yalikuwa ya taabu. Baridi, mahindi ya kuazima, mawe shambani. Wenyeji hawakutufukuza, walitusalimu vizuri, amahoro, amahoro, lakini walituita watu wa samaki na walijua kwamba hatujui kulima maharage. Na kweli hatukujua. Binamu wa Jumbe alikuwa jumbe wa jina, hakuwa na mji wala ufukwe, na boma lilimwita pale tu lilipotaka wapagazi. Pembe yangu niliitundika juu ya moto isiliwe na wadudu. Kazi iliyonibakia ilikuwa moja. Kila siku ya soko Mama Kashindi alikuja mpaka nilipo, akasimama mbele yangu.

"Wamerudi?"

"Bado, mama."

"Ego," anasema, yaani haya, na anakwenda zake na kikapu. Hakuwahi kunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana.

Mkiniuliza kazi hii ilinifunza nini, nitawaambia jambo moja la kutumia. Bwana mkubwa akikaa kwenye jamvi lenu, akanywa kahawa yenu, akatoa neno zuri, msimuulize kama neno ni la kweli. Linaweza kuwa la kweli kabisa. Bwana Ndevu hakutudanganya, naamini hivyo mpaka leo. Muulizeni yeye akiondoka, ni nani atakayelijua. Mkiona hana jibu, basi msiende kulipiga kwa jina la mji.

Vita vya wazungu kwa wazungu vikafika ziwani. Tulisikia mizinga huko mbali, tukasikia Wadachi wanaondoka na Wabelgiji wanakuja. Wa kambini tuliwasahau? Hapana, lakini kila mtu alikuwa na njaa yake. Kisha mtu mmoja aliyeteremka kwa siri kukata ngazi, yaani mikungu ya mawese, kwenye michikichi yetu ya zamani alirudi mbio, akasema ameona watu ufukweni, wanatembea kwa mstari.

Nilichukua pembe nikateremka, hata sikumuaga mke wangu. Rumonge ilikuwa nyasi. Ule ufukwe tulioukata ulikuwa umerudi kichaka kuliko mwanzo. Hapo ziwani nikawaona. Walinzi wa kambi walikuwa wamekwenda na bwana wao, wakaacha mlango wazi, nao wakatoka. Walitembea wakifuata maji, wakipitia Kabezi na Muhuta, wakila walichopewa. Walikuwa wachache sana. Wengi wao macho hayakuwa yakiona tena, na ili wasipotezane walikuwa wameshika kilemba kirefu kilichokunjuliwa, kila mtu kakamata mahali pake. Aliyeshika ncha ya mbele alikuwa na fimbo, anapapasa njia. Alikuwa Jumbe Athumani. Ugonjwa ulimpata huko huko, na sindano ikamchukua macho.

Nikamwambia jina langu. Akasema, "Tumefika?"

"Mmefika, Jumbe."

"Mbona sisikii watu?"

Nikamweleza. Alikuwa anajua, nadhani, ila alitaka kuambiwa. Akasema, "Iko na pembe?"

"Ninayo."

"Piga. Wazee walisema watarudi. Sema wamerudi."

"Nani atasikia, Jumbe? Kuna nyasi tu."

"Piga."

Nikalowesha pembe ziwani. Nikasimama upepo ukiwa mgongoni, nikapiga, nikasema, wazee walisema watarudi, wamerudi. Nilipiga palipokuwa msikiti, palipokuwa soko, na kwa wabanika samaki, sauti ikapanda bondeni kuelekea milimani. Nililia huku nikipiga, na mkitaka kujua, pembe haipigiki vizuri mtu akilia.

Walisikia. Siku iliyofuata watu walianza kuteremka, wengi kuliko nilivyodhani, wanawake mbele. Hao wachache waliorudi walikuwa wamekaa mchangani kwa mstari, bado wameshika kile kilemba, maana walikuwa wamekizoea. Waliopata watu wao waliwakumbatia, wakaondoka nao wakilia kwa furaha. Wengine walisimama mbali, hawakusogea, wakihesabu kwa macho na kujua.

Mama Kashindi alikuja mbele. Alianzia mkiani mwa mstari, akainama kwa wa kwanza, akamshika kidevu, akamtazama usoni. Akaenda kwa wa pili. Kwa wale waliokonda sana alipapasa sikio, maana Kashindi alikuwa na kovu la ndoano sikioni. Hivyo mpaka akamfikia Jumbe, aliyekuwa wa mwisho. Akamshika uso naye.

"Nani?" Jumbe akauliza.

"Mama Kashindi."

Jumbe hakuuondoa uso wake mikononi mwa yule mama, na machozi yalimtoka yale macho yasiyoona. Mama Kashindi alikaa naye hivyo kidogo, kisha akamfuta kwa ncha ya nguo yake. Akasimama, akarudi kwa yule wa kwanza, akamshika kidevu, akaanza tena.